UZI: Michezo ya kitaifa ya wenye mtindio wa ubongo, tuanze wapi? (Kisumu, Nakuru, Kakamega na majirani)

#1 Mwalimu_Manyatta · Jumapili, saa 2:14 usiku

Wadau wa kanda ya ziwa na Bonde la Ufa, hodi.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum hapa Kisumu. Muhula uliopita tulialikwa kwenye siku ya michezo ya watu wenye ulemavu. Nikapeleka watoto sita, watatu wao wana mtindio wa ubongo, hii tunayoiita CP kwa kifupi. Mmoja nitamwita Kijana tu, maana mamake hajaniruhusu kumtaja. Anatembea magoti yakigongana na visigino havigusi chini.

Mita 100. Wakampanga na viziwi wanne, mmoja aliyekatwa mkono, na msichana mwenye ualbino. Hao sita walipomaliza, Kijana alikuwa hajafika katikati. Wenzake wanafungua soda, yeye bado anakuja. Uwanja mzima ukasimama, makofi, vigelegele, mgeni rasmi akashuka jukwaani kumkumbatia, kamera zikamzunguka.

Kwenye matatu tukirudi akaniuliza: "Mwalimu, mbona wamenipigia makofi mimi na mimi ndiye wa mwisho?"

Nimeshika chaki miaka 17. Nikamwambia ale ndizi.

Sasa hoja yangu. Nataka tuanzishe michezo ya kitaifa ya wenye CP peke yao. Likizo ya Agosti mwaka ujao, fainali pale Mamboleo, uwanja ulewule tulioadhimishia Madaraka 2021. Mbio, mpira, kurusha tufe. Kila kaunti ilete timu. Naomba maoni, na hasa naomba watu wa kamati.

---

#2 Boda_Kondele · saa 2:31 usiku

Mwalimu, mimi ni mtu wa pikipiki, nisamehe kuuliza. Hao si ndio wale wa Special Olympics? Mbona tuanzishe nyingine?

---

#3 Fizio_Mstaafu · saa 3:05 usiku

Boda, swali lako ni zuri, wala usiombe msamaha. Special Olympics ni ya wenye ulemavu wa akili. CP ni jambo la mwendo na mkao wa mwili: ubongo ulijeruhiwa mapema, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au mtoto akiwa bado mdogo, na jeraha hilo haliongezeki. Wako wenye yote mawili. Lakini nimewahi kumtibu mtu aliyekuwa akinisahihishia hesabu zangu za malipo huku akishindwa kushika kikombe.

Kwetu huku nilikokuwa nafanya kazi (Bungoma, halafu Busia) nilikuwa nauliza akina mama hadithi, na zilikuwa zinajirudia. Uchungu ulikaa siku mbili. Mtoto hakulia. Mtoto alikuwa wa manjano sana, tukaambiwa tumwanike juani. Malaria ilipanda kichwani akiwa na miaka miwili, akalala siku tatu, alipoamka hakuweza kukaa. Kulogwa sijawahi kukuta, ingawa nililetewa kesi hiyo mara nyingi.

Kuna kitu nadhani wengi hamkijui. Katika michezo hawaulizi jina la ugonjwa wako. Wanaangalia mwili unafanyaje: misuli inakaza, au viungo vinacheza bila kutulizwa, au mwili unakosa mizani. Mtu aliyepata kiharusi au aliyepasuka kichwa kwenye ajali akabaki na hali hizo, anaingia kundi moja na mwenye CP.

---

#4 Boda_Kondele · saa 3:09 usiku

Daktari subiri. Kuna msee wetu wa steji aligongwa 2022, mkono na mguu wa kulia ndio hivyo, anachechemea, kiganja kimejikunja. Alikuwa winga balaa. Ina maana huyo anaweza kucheza?

---

#5 Fizio_Mstaafu · saa 3:20 usiku

Mlete. Akipimwa ikaonekana misuli inakaza kwa sababu ya ubongo, anaweza kucheza.

---

#6 Kipute_Nakuru · saa 3:48 usiku

Nimefurahi mmetaja winga. Mimi nasema mpira tu, mengine baadaye. Mpira wa CP una sheria zake tayari, hatuhitaji kubuni: wachezaji saba kila upande, nusu mbili za dakika 30, hakuna kuotea, na anayerudisha mpira uliotoka nje anaruhusiwa kuuviringisha kwa mkono mmoja kama wa pili haupandi. Goli la mita tano kwa mbili. Uwanja mita 70 kwa 50, hata shule ya msingi inao.

Watu wa Nakuru watakuja kuangalia. Wafadhili wanafuata watu. Nani atachangia kurusha tufe?

---

#7 Mama_Mumias · Jumatatu, saa 11:40 alfajiri

Nimesoma yote nikipika uji. Mwalimu, asante kwa moyo wako, Mungu akubariki. Lakini nikuulize kama mzazi.

Mwanangu ana miaka 14 na kilo 38. Hakai bila kufungwa mkanda kifuani. Kumtoa Mumias hadi Kisumu ni hivi. Pikipiki hadi steji, mimi nimempakata, kiti kinakuja na pikipiki ya pili. Steji, magari mawili yanaondoka bila sisi. La tatu makanga anasema kiti ni mzigo, nauli ya mtu mzima. Nalipa. Kinafungwa juu kwa kamba, tukishuka breki imepinda. Mwanangu yuko mapajani mwangu, misuli ikikaza ananyooka kama ubao, abiria wa mbele analalamika anapigwa mateke. Nikifika nimechoka kuliko aliyekimbia mita 100.

Hapo hatujala. Yeye hali wali wa sherehe, anapaliwa. Anakula uji mzito, kijiko kimoja kimoja, dakika arobaini. Hapo hatujaenda choo. Mvulana wa miaka 14 nimbadilishie nepi wapi? Nyuma ya jukwaa, watu wakipita? Mwaka juzi kwenye mkutano fulani nilifanya hivyo nyuma ya gari, na alilia. Hawezi kusema lakini alilia, na mimi najua kilio chake cha njaa na kilio cha aibu.

Na huyo wangu, katika hiyo mbio na mpira wenu, angecheza nini?

---

#8 Kipute_Nakuru · saa 1:15 asubuhi

Mama pole sana kwa hayo. Ila kusema ukweli, si kila mtoto ataweza kila mchezo. Anaweza kuja kushangilia.

---

#9 Mama_Mumias · saa 1:22 asubuhi

Kushangilia amefanya miaka 14.

---

#10 Fizio_Mstaafu · saa 2:50 asubuhi

Kipute, umesoma sheria za mpira nusu ya kitabu. Kuna klasi tatu, FT1 hadi FT3. FT1 ndio walioathirika zaidi, FT3 ndio kidogo. Lazima FT1 mmoja awe uwanjani muda wote, na FT3 asizidi mmoja. Ukikosa FT1 unacheza na watu sita. Waliweka hivyo kwa sababu makocha wote duniani wana ugonjwa wako, wanamtafuta anayekimbia zaidi na wengine wanabaki kushangilia. Na hata huyo FT1 anatembea na kukimbia. Mtoto wa Mama hayumo.

Riadha nayo ina namba zake. 31 hadi 34 wanashindana wakiwa wameketi, 35 hadi 38 wamesimama. Mtu wa 37 ameathirika upande mmoja wa mwili, wa 35 zaidi ni miguu yote miwili. Ukiwaweka pamoja unarudia kosa la soda. Ndiyo maana nikamwonea huruma Kijana wa Mwalimu: hata angekimbia na wenye CP watupu, bila klasi angekuwa wa mwisho vilevile.

Halafu msisahau tuna mtu. Samson Ojuka alileta medali ya fedha ya kuruka mbali kwenye Paralimpiki ya Paris 2024, klasi ya T37. Ndiyo medali pekee Kenya iliyorudi nayo. Tulizoea kuimba wasioona, akina Henry Wanyoike tangu Sydney 2000, na wanastahili. Lakini waulize watu kumi hapo soko la Kibuye T37 ni nini.

---

#11 Kidole_Kimoja · saa 7:33 mchana

Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Posti hii niliianza saa tatu asubuhi, kwa hivyo msinijibu haraka mkadhani mmenishinda.

Niko Nakuru, nina miaka 26, nina CP ya viungo visivyotulia. Kichwa changu kina safari zake, mikono ina zake. Nikiongea watu wanamjibu shangazi.

Mimi nacheza bocha. Mama Mumias, soma hapa, ni jibu lako.

Bocha ni mipira sita myekundu, sita ya samawati, na mmoja mweupe. Mweupe unatangulia. Kila upande unajaribu kuweka mipira yake karibu na mweupe kuliko mwenzake. Unarusha, unapiga teke, au kama huwezi vyote viwili unauachilia kwenye mfereji ulioinama. Umo kwenye Paralimpiki tangu 1984 na hauna ndugu kule Olimpiki, ulitengenezwa kwa ajili yetu sisi tuliobaki mwisho wa orodha. Wenye CP wanaorusha ni BC1 na BC2. Wa mfereji ni BC3. Mimi ni BC3.

Mfereji wangu ni gata ya plastiki iliyobaki fundi alipoezeka nyumba ya shangazi. Nina kofia yenye kijiti mbele, nakisukuma kwa kichwa, mpira unateremka. Shangazi ndiye msaidizi wangu, anasogeza mfereji ninavyomwonyesha. Na sheria inasema hivi: msaidizi wa BC3 anaupa uwanja mgongo. Haruhusiwi kugeuka. Haruhusiwi kuona mweupe uko wapi.

Siku ya kwanza aligeuka kuchungulia, kwa huruma. Nilimpigia kelele hadi jirani akaja. Tangu hapo anakaa anaangalia ukuta wenye kalenda ya kanisa, mimi namwonyesha kushoto, kushoto, juu, basi. Watu hamwezi kujua hii ni nini. Tangu nizaliwe kuna mtu anaangalia ninachoangalia ili anisaidie kukiamua. Mara ya kwanza nilipokosea, nilikosea mwenyewe. Mpira ulienda ukagonga mguu wa meza. Nilicheka nikapaliwa.

Sasa vifaa. Seti ya mipira kutoka nje ni ghali, tulishona. Soksi za shule, ngozi ya kiti kilichochanika juu yake. Mpira halisi ni gramu 275 na mzunguko wa sentimita 27. Tulijaza mchanga, ukafika karibu nusu kilo, unadondoka pu na hauviringiki. Mahindi makavu yakagoma kukaa duara. Ndengu ndiyo ikakubali: jaza hadi mzunguko ufike 27, mzani wa duka unasoma karibu palepale. Tulicheza wiki tatu. Halafu panya.

Asubuhi moja tulikuta myekundu minne imebaki soksi.

---

#12 Boda_Kondele · saa 7:41 mchana

🤣🤣 panya ameshinda seti. Kaka pole. Nimesoma mara mbili, hiyo ya kalenda imenikaa.

---

#13 Nyar_Ahero · saa 8:02 mchana

Kidole, huku Ahero makapi ya mpunga yanachomwa bure kando ya mashine. Changanya na mchanga, kama nusu kwa nusu, upime. Panya haoni chakula hapo. Nikuletee gunia?

---

#14 Kidole_Kimoja · saa 8:40 mchana

Ndiyo.

---

#15 Kipute_Nakuru · saa 9:10 alasiri

Kaka heshima kwako, na tuko mji mmoja, sikujua. Ila mimi bado nasema, mchezo wa watu kuviringisha mipira kimya ukumbini, nani atakuja kuuangalia? Bila watazamaji hakuna mfadhili.

---

#16 Kidole_Kimoja · saa 10:25 alasiri

Njoo Jumamosi ucheze nami. Wewe urushe kwa mkono. Ukishinda nitashona jezi za timu yako.

---

#17 Mzee_wa_Vikao · saa 12:30 jioni

Nimekaa kimya nikisoma. Niseme la kuudhi.

Nimekaa kwenye vyama vya walemavu tangu kabla ya ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Nina polio, natembea kwa magongo. Nimeona kila miaka michache watu wema wanaanzisha chama cha kitaifa. Kwanza mhuri, halafu barua yenye nembo, halafu mwenyekiti, makamu, mlezi ambaye ni mheshimiwa. Mchezo wenyewe unachezwa siku moja, fulana zinagawiwa, picha. Mwaka unaofuata makamu anamshtaki mwenyekiti.

Mwalimu, michezo ya CP peke yao, kitaifa, chini ya chama kimoja? Hata huko dunia ilipoanzia hilo hawakukaa hivyo. Chama cha kimataifa cha michezo ya CP kiliundwa 1978, kilikuwa na kila kitu. Bocha ikajitoa ikawa na shirikisho lake 2013. Mpira ukajitoa 2015. Na 2023 kilichobaki kikaungana na chama cha watu wa viti vya magurudumu. Kila mchezo ulitaka marefa wake, waainishaji wake, kalenda yake. Ninyi mnataka kuingia kwa mlango ambao wenzenu wanatokea.

Na pia mnatugawanya. Leo CP peke yao, kesho polio peke yao.

---

#18 Mwalimu_Manyatta · saa 1:45 usiku

Jaduong', umenipiga lakini nimesikia. Kwa kugawanya sikubali. Kijana wangu hakugawanywa siku ile, aliwekwa na wote, na mmeona. Kuwapanga watu kwa miili yao ndiyo heshima yenyewe. Hata ndondi ina uzani.

Kwa chama kimoja, nakubali. Sikujua hiyo ya 2013 na 2015.

---

#19 Karani_Fulani · saa 3:30 usiku

Nafanya kazi kaunti moja ya huku, msiniulize ipi. Nawaambia mambo mawili nilale.

Pesa. Watu wanakuja ofisini Juni wakitaka basi la Agosti. Bajeti imeshakwisha kuandikwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unawasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mkitaka jina lenu liwemo, mje kwenye vikao vya wananchi wakati karatasi bado ni rasimu, na mje na idadi. "Tuna watu wengi" haiandikiki. "Watu 23, viti 9, wasaidizi 15" inaandikika.

Usajili. Sheria ya Michezo ya 2013 ina ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti, shirika la kitaifa. Msiruke ngazi. Anzeni na klabu, Msajili wa Michezo anawataka na katiba. Klabu ndogo inayocheza kila wiki ina nguvu mezani kuliko shirika la kitaifa lenye mhuri. Na ongeeni mapema na Kamati ya Paralimpiki, msije mkajenga nyumba mkawaambia wenye kiwanja baadaye.

---

#20 Fizio_Mstaafu · Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Niongeze la afya kabla watu hawajapandwa na moto.

Kwanza, kuna wazazi wataambiwa mazoezi yatamkaza mtoto zaidi. Hata mimi nilifundishwa hivyo chuoni, tulikatazwa kuwapa mazoezi ya nguvu. Utafiti wa baadaye ukaonyesha si kweli, misuli inayokaza nayo ni dhaifu na inafaidika ikitumiwa. Nilikuja kuacha kukataza nikiwa na mvi.

Pili, kifafa. Wengi wenye CP wanacho. Siku ya safari mtu anaamka saa kumi, anaacha dawa ili asisinzie, hajala, jua la Kisumu saa saba. Hapo ndipo mtu anaanguka. Kwa hivyo dawa inyweke kama kawaida, na karatasi ya kila mchezaji iandikwe anatumia nini na anaanguka vipi. Akianguka: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika tano, hospitali.

Tatu, maji. Asiyeweza kushika chupa hanywi, wala haombi, kwa sababu akinywa atataka choo na choo hakuna. Mama Mumias anajua ninachosema.

---

#21 Mama_Mumias · saa 2:44 asubuhi

Daktari, kuna mama watano nawajua huku ambao siku ya safari hawampi mtoto maji tangu jioni. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ile ya gata nimeiota usiku. Mwanangu anageuza kichwa vizuri upande wa kulia. Kijiti kinafungwa vipi kwenye kofia?

---

#22 Kidole_Kimoja · saa 5:12 asubuhi

Kofia ya pikipiki ya mtoto, nyepesi, ile isiyo na kioo. Toboa mbele matundu mawili. Kijiti cha mwavuli uliovunjika, shika na waya, kichwani pake weka mpira wa gongo la kutembelea usiteleze. Urefu upime yeye akiwa ameketi. Msimwambie alenge wapi.

---

#23 Kipute_Nakuru · Jumamosi, saa 11:50 jioni

Nimetoka kwa Kidole. Nimepigwa 7 kwa 1 katika raundi nne. Anauweka mpira wake mbele ya mweupe kama mlango, halafu mimi nikirusha kwa nguvu naugonga wake unasogea karibu zaidi. Shangazi yake ameupa uwanja mgongo anashona sweta. Majirani walijaa mlangoni hadi mwanga ukapungua.

Sijaacha mpira. Lakini nimeelewa. Jezi hakuna, nimekubali.

---

#24 Mwalimu_Manyatta · Jumapili, saa 1:05 usiku

Basi nimebadilisha mpango, nileteeni mawe yenu.

Hakuna taifa mwaka ujao. Kuna siku moja, kaunti tatu, bocha peke yake, hapa Kisumu, ukumbi wa kanisa moja ambao mzee wa kanisa ametupatia Jumamosi nzima. Uwanja wa bocha ni mita 12.5 kwa 6. Nimepima darasa langu, halitoshi. Ukumbi unatoka viwanja viwili na nafasi ya kupita. Sakafu ni saruji laini, ina ufa mmoja ambao nitaupakia tepu na refa atausema mapema.

Wapigwe hesabu kwanza. Kila mtu hapa aandike kwake kuna nani: anakaa au anasimama, anarusha au anahitaji mfereji, anakuja na nani. Mzee wa Vikao, naomba uwe refa mkuu, kwa kuwa huogopi mtu. Fizio aangalie klasi, hata kama hazitakuwa rasmi. Kwa mbio nitarudi baadaye, kuna fundi Kibuye anadhani anaweza kuchomelea ile fremu ya magurudumu matatu isiyo na pedali, unakaa kwenye tandiko unasukuma ardhi kwa miguu. Kijana ameshaiona picha, ananisumbua kila asubuhi.

Usafiri: sitaki mtu apande matatu mbili. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja usafiri wa umma kwa jina, lakini makanga hajakisoma, kwa hivyo tunakodi gari moja linalopita Mumias, Kakamega, Luanda. Nakuru ni mbali, kama kilomita 180, Kidole na shangazi watalala kwangu.

---

#25 Mzee_wa_Vikao · saa 1:40 usiku

Nimekubali, kwa sharti moja: hakuna mgeni rasmi.

---

#26 Mwalimu_Manyatta · saa 1:42 usiku

Hakuna.

---

#27 Boda_Kondele · saa 1:50 usiku

Msee wa steji anakuja, nimemwambia ni mchezo wa kupiga shabaha, bado anadhani ni mpira lakini atajua akifika. Mimi na vijana watatu tutabeba watu kutoka gari hadi mlangoni kama kuna ngazi.

---

#28 Kidole_Kimoja · saa 2:30 usiku

Msibebe. Wekeni mbao.

---

#29 Boda_Kondele · saa 2:33 usiku

Sawa bro. Mbao.

---

#30 Mama_Mumias · saa 3:15 usiku

Mimi nawaletea watatu, pamoja na wangu. Mifereji miwili tumeshatengeneza. Swali langu ni lile lile. Choo.

---

#31 Mwalimu_Manyatta · saa 3:18 usiku

Mama, kipo nyuma ya ukumbi, kizuri, kina maji.

---

#32 Mama_Mumias · saa 3:20 usiku

Mlango upana gani?

---

#33 Boda_Kondele · Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Nimepita hapo nikienda steji, nimeazima futi kwa fundi. Wanaume sentimita 66. Wanawake 78, ila unafungukia ndani na unagonga sinki, kwa hivyo ukishaingia na kiti haufungiki. Kiti chake kina ngapi?

---

#34 Mama_Mumias · saa 1:41 asubuhi

63 na vidole vyake nje.

---

#35 Boda_Kondele · saa 1:44 asubuhi

Basi wa wanawake. Mzee wa kanisa anasema tunaweza kutoa bawaba tugeuze mlango ufungukie nje. Nimeshika bisibisi hapa, nasubiri afungue.